Pua Ikizima na Zamu Ipo: Mwongozo wa Mkunga kwa Wahudumu Wenzake

Kama umeugua korona au mafua, homa imeshuka, kikohozi kimetulia, na bado husikii harufu, kahawa ni maji ya moto tu mdomoni, haya ni kwako. Nimewaandikia wauguzi, wakunga, matabibu, watu wa maabara na wanaofanya usafi wodini, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unamlenga mtu aliye nyumbani akingoja pilau irudi kunukia. Sisi tuna zamu. Tunatumia pua kazini kutwa nzima bila kujua kwamba tunaitumia, na siku inapozima, wa kwanza kupata hasara anaweza kuwa mgonjwa.

Mimi ni mkunga, wodi ya wazazi, Tanga. Pua yangu ilizima katikati ya mwaka 2021, msimu ule ambao bado tulikuwa tukiambiana kwa sauti ya chini habari za "changamoto ya upumuaji", yaani korona, kabla chanjo hazijazinduliwa nchini tarehe 28 Julai. Leo nasikia harufu, ingawa si zote na si kama zamani. Yafuatayo ndiyo ninayomwambia kila mwenzangu anayenijia koridoni akiniuliza, "Sista, hivi na wewe ilikuchukua muda gani?"

Jua kwanza kilichozima ni kipi

Karibu kila mtu huanza kwa kusema "sina ladha". Mara nyingi ulimi ni mzima kabisa. Upime hivi: andaa chumvi, sukari, ndimu na kahawa chungu isiyotiwa kitu. Fumba macho, mtu akuwekee kimoja kimoja ulimini bila mpangilio, na usuuze mdomo kila baada ya kimoja. Ukivitambua vyote vinne, ulimi unafanya kazi. Kilichopotea ni ile harufu inayopanda kutoka kooni hadi puani unapotafuna, na hiyo ndiyo inayokutofautishia mchuzi wa nguru na mchuzi wa kuku. Usipovitambua, hasa chumvi na uchungu, basi ulimi nao umeguswa, na hilo mwambie daktari atakayekuona.

Kisha pima pua. Fumba macho tena, upewe kahawa ya unga, karafuu iliyopondwa, ganda la ndimu, na kikombe kitupu cha kukutega. Usitumie dawa ya kuchua yenye mentoli, wala amonia, wala pilipili, wala Jiki. Vitu hivyo huamsha neva nyingine kabisa, trijemino, inayohisi ubaridi, mwasho na maumivu ya usoni. Mtu asiyesikia harufu hata chembe bado ataruka ukimsogezea spiriti. Nimeona wenzangu wakijidanganya hivyo: kifuniko cha Jiki kimefunguliwa, machozi yanawatoka, wanashangilia kwamba pua imerudi. Lililorudi ni chozi tu.

Kwa wanaopenda kujua kinachoendelea huko juu: harufu hupokelewa kwenye kipande kidogo cha utando darini mwa pua, chini ya mfupa wenye matundu unaotenga pua na ubongo. Neva za kunusa zenyewe si mlango mkuu wa virusi vya korona. Vinaingia kwenye seli saidizi zinazozizunguka, kwa kuwa hizo ndizo zilizobeba vipokezi vya ACE2, yaani vishikizo ambavyo kirusi hushika ili kuingia. Seli saidizi zikiharibika, neva hukosa matunzo na kuzima nazo. Bahati yetu ni kwamba eneo hilo lina seli za msingi zinazozalisha neva mpya maisha yote, jambo ambalo neva nyingi za mwilini haziwezi. Ndiyo maana wengi hupona. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2022, ulikadiria kwamba takriban 74% walikuwa wamerudi kunusa ndani ya siku 30, na karibu 96% ndani ya siku 180. Uchambuzi huohuo ulionyesha wanawake wakirudi kwa shida zaidi kuliko wanaume. Angalia wodi yako ina wanawake wangapi, ndipo uelewe kwa nini silichukulii jambo hili kama la mtu mmojammoja.

Na si korona peke yake. Mafua ya kawaida na influenza vimekuwa vikizima pua za watu tangu zamani, ila hakuna aliyekuwa akiuliza.

Sema siku hiyohiyo

Pua ikizima ghafla huku haijaziba, jihesabu kuwa una maambukizi mpaka kipimo kiseme vingine. Vaa barakoa, mwarifu muuguzi mfawidhi, pima, fuata utaratibu wa kituo chako. Machi 2020 madaktari wawili wa masikio, pua na koo wa Uingereza, Claire Hopkins na Nirmal Kumar, walitoa tahadhari kwamba watu wanapoteza harufu bila dalili nyingine, wakati orodha rasmi za dalili zilikuwa bado zinazungumzia homa na kikohozi. Marekani iliiongeza dalili hiyo Aprili, Uingereza tarehe 18 Mei. Baada ya aina ya kirusi cha korona iitwayo Omicron kutawala, dalili hii imepungua sana, na kwa sababu hiyo watu wameisahau. Muuguzi akipoteza harufu leo husema "ni AC ya ofisi ya utawala".

Kipimo kikishakuruhusu kurudi kazini na pua bado imezima, sema tena. Hapa ndipo wengi hunyamaza. Kikohozi kinaonekana, mguu uliovunjika unaonekana, pua haionekani, na mtu anaogopa kuambiwa anatafuta mapumziko. Mimi nilisema kwenye makabidhiano ya zamu, mbele ya wote: "Jamani, nimepona lakini sisikii harufu. Kwenye pedi na vidonda naomba mtu wa kuninusia." Dada mmoja aliguna, mwingine akacheka, kisha kazi zikapangwa. Tangu siku hiyo kila zamu ilikuwa na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwamba ndiye pua yangu. Kutaja jina ni muhimu. Ukisema "mtu yeyote atanisaidia", saa tisa usiku huyo mtu yeyote hayupo.

Kazini: kila harufu uitafutie mbadala

Kaa chini na karatasi. Andika kila mahali ambapo pua yako hukwambia kitu katika zamu moja, na mbele ya kila kimoja andika utakitambuaje bila pua. Orodha ya mtu wa maabara haitafanana na ya mtu wa wodi ya upasuaji. Yangu ilikuwa hivi.

Mama aliyejifungua. Mkunga mzoefu akifunua shuka hujua kabla hajaangalia. Damu ya baada ya kujifungua ina harufu yake ya kawaida, nzito kidogo, na inapooza huwezi kuikosea. Sasa hiyo umeipoteza. Lakini soma tena dalili za maambukizi ya uzazi kama tulivyofundishwa: joto la 38 au zaidi, maumivu ya tumbo la chini, usaha au uchafu usio wa kawaida, mji wa mimba kuchelewa kurudi. Harufu mbaya ni moja tu kati ya hizo. Nyingine zote bado ziko mikononi mwako, ila inabidi uzifanye kweli badala ya kuzikisia. Nilianza kupima joto na mapigo ya kila mama mwenyewe, kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Nilibonyeza tumbo la chini huku nikimtazama mama usoni, maana wengi watasema "siumwi" huku nyusi zimekunjamana. Nilipima kimo cha mji wa mimba, ambao hushuka takriban upana wa kidole kimoja kwa siku, na nikakiandika ili anayepokea zamu alinganishe. Pedi niliiweka kwenye mwanga na kuangalia rangi: nyekundu inayofifia kwenda kahawia ni sawa, kijivu au njano yenye ute mzito hapana.

Kisha nikagundua kitu ambacho sasa sikiachi hata pua ikiwa nzima: kumuuliza mama mwenyewe, na yule bibi aliyekuja kumhudumia. "Mama, unapobadilisha pedi, kuna harufu inayokukera?" Kwetu huku mama hatakwambia jambo hilo bila kuulizwa, ataona haya. Akiulizwa taratibu, pembeni, anasema. Na mabibi wana pua kali kuliko sisi tuliozoea wodi.

Leba. Chupa ikipasuka, maji yenye harufu mbaya ni ishara ya maambukizi ndani. Bila pua, angalia rangi yake, hesabu ni saa ngapi tangu yapasuke, pima joto la mama, na sikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Yakivuka 160 kwa dakika na yakakaa huko, mwite daktari. Usingoje mtu aje kunusa.

Wagonjwa wengine nitawapitia haraka. Yule anayepumua haraka na kwa kina, amechoka, anakojoa sana, dalili za kisukari kilichozidi: ile pumzi yake tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi hutaisikia, kwa hiyo pima sukari na ketoni za mkojo bila kusubiri kushuku. Kidonda: usaha wa kijanikijani kwenye bendeji unakupa habari ileile ambayo pua ingekupa. Choo cheusi chenye kunata kama lami ni damu ya juu tumboni. Kiangalie, usimwachie mhudumu akimwage kabla hujakiona.

Dawa na kemikali ndizo zilizonitisha zaidi. Sote tumewahi kunusa chupa ili kujua kama ni spiriti au maji. Huo mtindo uache kabisa. Kisicho na lebo kimwagwe, hata kama ni lita nzima na bohari watanung'unika. Jiki ya 3.5% tunaichanganya sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji kupata 0.5%, na wengi huhakikisha kwa pua kwamba "imekolea". Pua iliyozima haitakwambia kama imekolea, wala kama ndoo ni ya jana na imeshakufa. Tumia kikombe cha kupimia, andika saa ya kuchanganya kwenye plasta na uibandike kwenye ndoo, na baada ya saa 24 mwaga. Na usichanganye kamwe Jiki na sabuni zenye asidi au amonia. Gesi inayotoka huwahi mapafu kabla hujajua.

Hapa pana jambo la wenzetu waliokwenda Oman, Saudia, Uingereza na kwingineko, ambako barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, hupimwa usoni kabla ya kukabidhiwa. Kipimo cha kawaida hutumia mnyunyizio wa sakarini, ambao ni mtamu, au kemikali chungu. Unavaa barakoa, wananyunyiza ndani ya kofia ya plastiki, na ukihisi utamu au uchungu basi barakoa inavuja. Mtu aliyepoteza ladha hatahisi kitu hata barakoa ikiwa imekaa kama kofia ya harusi. Atafaulu, na atapewa karatasi ya kuonyesha amefaulu. Kabla ya kipimo chenyewe kuna jaribio la kwanza, bila barakoa, la kuhakikisha kwamba unaihisi ladha hiyo. Watu wenye haraka hulirusha. Usikubali lirushwe, na usipoihisi ladha, omba kipimo cha mashine kinachohesabu chembe. Kwa vituo vyetu visivyo na vipimo hivyo, jikague kila unapoivaa: funika kwa viganja, toa pumzi, sikia kama hewa inatoka pembeni mwa pua au kidevuni.

Nyumbani, hasa jikoni

Gesi ya mitungi kwa asili haina harufu. Ule uvundo unaoujua huongezwa kiwandani ili utushtue. Kwako wewe haujaongezwa kitu. Ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kichwa cha mtungi kila unapobadilisha mtungi. Mapovu yakivimba, inavuja. Funga regyuleta kila ukimaliza kupika, si jiko tu. Waambie walio nyumbani kwamba mama sasa hasikii gesi, watoto nao wajue la kufanya: hakuna kuwasha taa wala kiberiti, madirisha wazi, watu nje.

Chakula kilicholala: andika siku kwenye kila chombo. Tui la nazi na samaki usivipe nafasi ya pili. Kuna mtu wa nyumbani mwenye pua? Akionje kwa pua yake kabla yako, hata kama ana miaka saba. Mtoto wangu wa kike alijipa cheo cha mkaguzi na hakikumtoka mpaka leo.

Chumvi iangalie. Mtu asiyesikia ladha huongeza chumvi, akaongeza sukari, akaongeza tena, na wengi wetu tuna presha tayari. Badala yake tafuta vitu ambavyo ulimi na ile neva ya trijemino bado vinavihisi: ndimu, ukwaju, tangawizi, pilipili, embe bichi lililokatwa na kutiwa pilipili kama wanavyouza pale nje ya shule, karanga zenye kutafunika, mtindi wa baridi. Chakula laini cha moto chenye rangi moja, mfano ugali na mlenda, kitakuwa adhabu kwa muda. Jipime uzito kila wiki. Na marashi: hesabu minyunyizo miwili basi, kwa maana usiposikia yako utamzimisha mama mwenye kichefuchefu kitandani.

Mazoezi ya kunusa, yafanywe kama dozi

Hii ndiyo tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa pua iliyozimwa na virusi, na kwa bahati malighafi zake zimejaa pwani yetu. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha mwaka 2009 utafiti wa kuwanusisha wagonjwa harufu nne, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya mazoezi walipata nafuu kuliko wasiofanya. Karafuu za Ujerumani zinatoka mbali. Zako zimo kabatini, na huenda zilitoka Pemba.

Tafuta vichupa vinne vidogo vyenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Vya krimu vinafaa ukivichemsha na kuvikausha. Usichukue vichupa vya dawa vya wodini. Cha kwanza, karafuu nzima kama kijiko kimoja, zipondwe kidogo ili mafuta yatoke. Cha pili, ganda la juu la limau lililokwanguliwa, bila ile nyama nyeupe. Hili hukauka haraka, libadilishe kila baada ya siku mbili tatu. Cha tatu, majani ya mkaratusi yaliyosuguliwa kwa vidole, au matone ya mafuta yake kwenye pamba. Cha nne ndicho chenye taabu, kwani waridi halisi si rahisi kupata mjini. Marashi ya waridi ya dukani yanafaa kama kweli yananukia waridi. La sivyo tumia asumini mbichi. Kundi ni lilelile la maua. Ukipata ubani, unaweza kuuweka mbichi mahali pa mkaratusi, maana wote ni wa harufu za utomvu. Usiufukize. Moshi unawasha pua, na ukishawasha hutajua umehisi nini.

Wewe mwenyewe huwezi kujua kama vichupa vimechuja. Mtu mwenye pua nzima avinuse kila wiki na akwambie. Nimekutana na mwenzangu aliyekuwa akinusa pamba kavu kwa uaminifu mkubwa.

Namna ya kufanya: asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala. Keti. Fungua kichupa kimoja, kiweke sentimita chache chini ya pua, nusa kwa minuso midogo mifupi kwa sekunde 20 hivi. Usivute kwa nguvu kama unayetaka kupiga chafya. Wakati unanusa, soma lebo na ukumbuke harufu yenyewe mahali ulipoijua. Mimi kwenye karafuu nilikuwa nakumbuka majamvi yaliyoanikwa barabarani Wete, Pemba, nilikokulia, na jinsi gari lilivyolazimika kupita pembeni. Pumzika nusu dakika, nenda kinachofuata. Shughuli nzima haifiki dakika tano, kwa hiyo hata ukiwa zamu ya usiku inawezekana; vichupa viwe kwenye pochi, siyo kwenye friji ya chanjo.

Wiki za mwanzo hutasikia chochote, na utaona unacheza. Endelea. Weka daftari, kila Jumapili ujipe alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila harufu. Bila daftari utasema hakuna maendeleo, kwani yanakuja polepole mno kuyaona kwa siku. Baada ya wiki 12 usiache kama pua haijakamilika. Badilisha seti: iliki, mchaichai, mdalasini, kahawa. Kahawa iache kama inakukera, kwa sababu ifuatayo.

Harufu zikirudi zimepinda

Wengine, miezi miwili mitatu baada ya kuugua, huamka siku moja wakisikia harufu tena na kufurahi, kisha kitunguu kinaanza kukaangwa na wanakimbia nje. Kahawa, vitunguu, vitunguu saumu, mayai, kuku wa kukaanga, hata dawa ya meno, vyote vinatoa uvundo mmoja usioelezeka wa kuungua na kuoza. Neva mpya zinapoota lazima zitafute njia hadi kwenye ubongo, na baadhi huunganishwa pasipo pake, kama nyumba ambayo fundi amekosea nyaya ukiwasha taa ya sebuleni inawaka ya chooni. Vichochezi vikubwa ni kemikali zenye salfa ambazo hutokea chakula kikichomwa, kikikaangwa au kikioka, na pua huzihisi hata zikiwa chembe ndogo mno.

Hali hii inatesa kuliko kutosikia kabisa. Mimi nilishindwa kupita mtaa wa wauza kahawa na kashata, na nilishindwa kula na familia mezani. Ila mara nyingi ni dalili kwamba neva zinaota. Kula vitu vilivyopoa au vya baridi, kwa kuwa mvuke ndio unaobeba harufu: wali uliopoa, mtindi, ndizi, tango, viazi vya kuchemsha, kunde. Mwombe anayepika achemshe badala ya kukaanga, mlango wa jikoni ufungwe. Ndugu zako waeleze mapema. Mama mkwe wangu alidhani nimesusia mapishi yake. Mume wangu ilibidi aende akae naye, amweleze vizuri, ndipo akaanza kuniwekea ndizi mbivu pembeni.

Wodini, ukijikuta unasikia "uvundo" kwa kila mama, usiuandike kwenye faili. Pua iliyopinda inadanganya kuliko pua iliyozima. Rudi kwa mtu wako wa kukunusia.

Vya kutomeza na vya kutojifukiza

Nyungu haifufui neva za kunusa. Ukiipenda kwa kulegeza mafua, sawa, lakini nimefunga vidonda vya maji ya moto vya watu waliofunikwa blanketi na sufuria chini yao, na sina la kuipigia debe. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia kama kuna kamasi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Maji ya bomba moja kwa moja, hapana.

Prednisolone ya kujinunulia dukani usiguse. Iko bei rahisi na kila mtu ana jamaa aliyeitumia, lakini inapandisha sukari, inashusha kinga, na sisi tunafanya kazi penye kifua kikuu. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani ni suala la daktari baada ya kukuchungulia. Vidonge vya zinki havijathibitika kurudisha harufu, na dawa za zinki za kupaka puani zina hatari yake: mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu waache kuzitumia kwa sababu zilihusishwa na kupoteza harufu.

Mwone daktari wa masikio, pua na koo kama wiki sita zimepita hakuna hata dalili ya mabadiliko. Usingoje muda huo kama pua imezima upande mmoja tu, inatoa damu, imezima bila kuugua mafua wala korona, ilizima baada ya kuanguka na kugonga kichwa, au inaambatana na maumivu ya kichwa na kuona kwa shida. Hayo ni mambo mengine, na mazoezi ya karafuu yatakupotezea muda.

Na kabla hujarudisha majukumu yote ya kunusa mikononi mwako, jipime kazini kwa kazi yenyewe. Mwenzako anuse kwanza, asiseme. Unuse wewe, uandike. Kisha mlinganishe. Fanyeni hivyo kwa wagonjwa kadhaa, siku tofauti, zamu ya mchana na ya usiku, hadi mnakubaliana bila kubahatisha. Mpaka hapo, jina la anayekunusia libaki kwenye ubao wa zamu.